Kona ya Lami Uwanjani Kwetu

Kwa nini njia ya hatua thelathini, isiyo na mti wa kukwepa wala kisima cha kuzunguka, ipinde kama mpini wa birika?

Swali hilo nilimuuliza kontrakta wa lami, uwanjani kwetu Malindi, mkononi nimeshika mchoro nilioupiga rula mwenyewe. Alinijibu kwa mzaha. Nikamuuliza nyanya yangu, naye akanirudishia swali. Basi nikajijibu mwenyewe, na nikakosea.

Lami yenyewe ilikuwa shauri la magoti. Nyanya alikuwa na magoti mabovu, na kutoka barabarani hadi mlangoni petu palikuwa mchanga mtupu, ule mweupe unaomeza kiatu. Siku moja tuktuk ya kumpeleka kliniki ilizama katikati ya uwanja. Ikabidi vijana wanne wambebe kitini mpaka barabarani, mtaa mzima ukitazama. Aliporudi alisema, "Nitabebwa kutoka humu mara moja tu tena, na siku hiyo sitakuwa na habari." Akakaa ndani miezi mitano. Kliniki hakwenda, matangani hakwenda, arusini hakwenda. Mjomba akaona heri tutie lami, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na nipo nyumbani nikingoja kazi, nikapewa usimamizi.

Walionipa walijua wanachokifanya. Nyumbani nilikuwa na sifa ya kuuliza kila jambo kwa nini. Kwenye arusi ya dada yangu, nilipokuja likizo kutoka chuoni, nyanya alinituma nikaalike mlango kwa mlango, nivae buibui, nikaribishwe, nikae, ninywe, ndipo niseme. Nikauliza kwa nini, karne hii. Nikafungua kundi kwenye simu, nikaalika watu mia kabla chai haijapoa. Nilijiona nimewaokoa wanawake wote wa ukoo.

Kwa hiyo nilisoma habari za lami. Nilijua unene wake, nilijua mteremko wa kutoa maji ya masika, nilijua kwamba maramu, ule udongo wa changarawe wa chini, isiposhindiliwa sawasawa lami hupasuka. Na nilijua makontrakta huiba.

Huyu wetu alikuwa mtu wa bara aliyekaa pwani miaka mingi, mwenye kofia ya jua na tumbo la kuheshimika. Asubuhi ya kwanza hakupima chochote. Alikaa barazani na nyanya wakanywa kahawa, wakinong'ona. Nilipoingia ndani kutafuta kamba na kutoka, nilikuta vigingi vimeshachomekwa. Badala ya kwenda moja kwa moja mlangoni, vilijipinda kushoto mpaka karibu na baraza ya jirani, kisha vikarudi kwetu.

"Hii kona ya nini?" nikamuuliza.

"Madam, kona ni ya shosho."

"Kona inakula lami. Kila mita ya ziada ni faida yako."

Alivua kofia akajipepea. "Chuo walikufundisha hesabu vizuri sana."

Nikamgeukia nyanya. "Nyanya, tuinyooshe."

"Napenda kona."

"Kona ina raha gani?"

"Wewe uliyenyooka una raha gani?" Kisha akamgeukia kontrakta. "Na wewe, shosho yako yuko kwenu bara. Mimi niite nyanya, au ninyamazie."

"Sawa, shosho."

Jirani mwenyewe alikuwa mwenzake nyanya tangu madrasa. Walisuka nywele pamoja na kuzaa mwaka mmoja. Lakini nilipomaliza chuo na kurudi niliwakuta hawasemezani. Hawakutukanana wala hawakugombana. Kila mmoja alikaa kwenye baraza yake, na kwa kuwa uwanja ni mpana, kila mmoja aliweza kujifanya hamwoni mwenziwe. Nilipouliza kwa nini, nyanya alisema, "Mambo ya watu wazima." Nilikuwa na shahada, lakini utu uzima sikuwa nimepewa.

Siku ya lami lori lilikuja asubuhi, likimwaga mzigo mweusi unaofuka moshi. Lami ya moto haingoji mtu. Mafundi waliitandaza kwa reki huku wakikimbizana, na rola likapita nyuma yao likinguruma. Jirani alitoka kutazama. Baada ya muda alimwita kontrakta, akampa chupa ya kahawa ya tangawizi na sinia la mahamri.

"Ya mafundi," akasema kwa sauti ya kufika mbali. "Ya mafundi tu."

Nyanya alikuwa dirishani. "Ya nani hayo?"

"Ya mafundi tu," nikamjibu.

"Lete moja." Akalitafuna polepole, macho ameyafumba. "Iliki nyingi. Hajabadilika."

Adhuhuri lami iliisha, ikiwa imebaki hatua nne kufika mlangoni petu. Kontrakta alilikwangua lori mpaka likalia. Hakikupatikana hata kijiko. Nilikuwa nimeyasema hayo tangu vigingi, na sikukosa kuwakumbusha.

"Kona imekula mlango! Mtu mwenye magoti mabovu, nyinyi mnampunguzia njia papo hapo anapoihitaji!"

Kontrakta alitazama chini. "Nyanya," akasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo, "naweza kuichimbua kona sasa hivi, bado ina moto. Nijazie hapa mlangoni."

"Uiguse uone," akasema nyanya. "Hatua nne nitatembea."

Wakamshindilia maramu hapo mlangoni, basi.

Juma lililofuata tuktuk ilikuja mpaka penye mwisho wa lami. Nyanya alizitembea hatua zake nne, mkono mmoja kwenye mkongojo na mwingine begani kwangu, na kwa jinsi alivyonibana nilijua kila hatua ilivyomuuma. Tukapanda, tuktuk ikateleza vizuri, ikafika kwenye kona, na dereva akalazimika kupunguza mwendo karibu asimame. Baraza ya jirani ilikuwa hapo, ya kunyoosha mkono ukaigusa. Jirani alikuwa akichagua mchele.

Kwetu, anayepita mbele ya baraza ndiye anayeanza salamu. Kwa mbali unaweza kusingizia macho. Kwa pale hapakuwa na la kusingizia.

"Sabalkheri," akasema nyanya.

Jirani alitoa jiwe moja kwenye mchele, akalitazama, akalitupa. Akatoa la pili.

"Akheri," akasema. Kisha, bila kuinua uso: "Goti gani?"

"Yote mawili. Yanaoneana wivu."

"Unayakanda kwa nini?"

"Kwa dawa ya hospitali."

"Hospitali!" Sasa aliinua uso. "Ndiyo maana!"

Dereva akazima injini. Kliniki tulifika tumechelewa saa nzima, na mimi nikalalamika njia nzima, nikimwonyesha nyanya saa, na yeye akitazama nje ya tuktuk kama mtu aliyetoka Maka.

Nilikubali kwamba kontrakta hakuwa mwizi. Kwamba kona ilikuwa ya salamu nilielewa siku hiyo hiyo. Kilichoharibika kabla ya hapo sikukijua, na kwa mara moja katika maisha yangu sikuuliza.

Miaka ikapita. Mdogo wangu alipotaka kuoa, nyanya alinituma tena nikaalike mlango kwa mlango, na akasema maneno yaleyale aliyoyasema wakati wa arusi ya dada yangu: "Anza hapo kwa jirani." Safari hii nilivaa buibui nikaenda. Nilikaribishwa, nikakaa, nikanywa, nikasema.

Jirani alifurahi. Akafungua pindo la leso, akatoa simu yake ili mwanawe aambiwe tarehe. Ilikuwa kabambe ya vibonye, yenye kurunzi kichwani, namba zimefutika kwa kubonyezwa.

"Ndiyo hiyo hiyo unayotumia, bibi?" nikamuuliza. "Siku zote?"

"Siku zote. Hizo zenu za picha siziwezi." Akacheka. "Unajua arusi ya dada yako sikualikwa? Ngoma nilizisikia nikiwa hapa hapa nilipokaa. Nikamwendea bibi yako, nikamuuliza, nimekukosea nini? Akaniambia ni yeye mwenyewe aliyenisahau."