Tundu Kwenye Zege la Baba

Baba yangu alijenga ghorofa pale Ilembo, Mpanda, kwa pesa za misimu mingi ya tumbaku, na tangu siku zege lilipomwagwa hakuna aliyeruhusiwa kulitania. Mkataba wangu wa Dar ulipoisha nikarudi nyumbani, nikapewa chumba cha juu, nikaweka humo kompyuta yangu ya mezani, lidude zito la zamani. Rauta ya intaneti ilikaa chini sebuleni, juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kila kitu kingine katika nyumba yetu.

Intaneti haikupanda. Zege la baba halikupitisha chochote.

Nilikuwa kwenye majaribio ya kazi: kusahihisha vitabu vya shule kwa kampuni moja ya Dar, na kila asubuhi kikao cha video. Nikifaulu, ningefanya kazi nikiwa hapa hapa Mpanda. Nikishindwa, narudi Dar kuhangaika. Bosi alishaniambia, kwa ule upole wa kutisha, kwamba nikipotea hewani tena tuachane. Baba aliyajua yote haya, maana nilimweleza mpaka mdomo ukakauka.

"Rauta ipande juu basi," nilimwomba.

"Kitu kinachowaka taa usiku na mchana kikae ninapokiona," akajibu.

Nikaishusha kompyuta sebuleni. Wageni wake wakaja, wakanisalimia mimi, wakamsalimia na bosi wangu kwenye kioo, mmoja akamuuliza kama huko kwao mvua zimeanza. Nikairudisha juu. Nikanunua kifaa cha kudaka mawimbi na kuyasukuma mbele, nikakichomeka ngazini. Wingu likijikusanya tu, hata liwe mbali huko upande wa Katumba, baba anapita nyumba nzima akichomoa vitu kwa kuogopa radi. Nikalaza waya kwenye ngazi. Shangazi akajikwaa, akakaa kitako, na lawama ninazibeba mpaka leo.

Nilichoka. Nilikuwa na hasira naye, na zege lake, na kitambaa chake cha kufuma.

"Fundi anasema anaweza kutoboa tundu dogo, waya ukapita," nilimwambia.

"Nyumba yangu haitobolewi."

"Basi na mimi sitatoboa, baba. Nitarudi zangu Dar."

Hilo neno "kutoboa" nililitamka kwa maana ile ya vijana, ya kufanikiwa maishani, nikidhani baba halijui. Aliinuka akaenda kuangalia kuku wake, nami nikapanda kuanza kupanga nguo.

Kesho yake fundi alikuwa sebuleni na drili, baba kasimama pembeni anamfokea.

"Liwe dogo. Na urudi ulizibe na saruji, sitaki vumbi humu."

Waya ukapanda, kompyuta ikashika. Kwenye kikao bosi aliniona sura nzima bila kukatika, nikafurahi kweli. Lakini furaha yenyewe haikufika mchana, kwa sababu fundi alitoboa tundu kubwa kuliko waya, na kiti cha baba kiko chini yake kabisa.

"Mama," sauti ya baba, anavyoniita mimi binti yake tangu utotoni, ikatoka miguuni pangu, katikati ya kikao, "chai inapoa."

Nikajifanya sijasikia. Siku nyingine bosi anaeleza jambo zito, wote tumenyamaza, mara sauti ile ile: "Mwambie aongee taratibu, hatumsikii." Hatumsikii! Nikaziba tundu kwa kitambaa. Akakisukuma kwa mpini wa ufagio. Nikamlalamikia fundi kwa simu kila siku aje na saruji yake, naye kila siku yuko njiani.

Alifika hatimaye, asubuhi ambayo majibu ya kazi yaliingia. Nilimsikia chini akikoroga saruji kwenye ndoo huku nikisoma barua pepe.

"Wamesemaje?" baba akauliza kutoka chini.

"Wamenichukua."

Kukoroga saruji kukasimama.

"Kwa hiyo Dar huendi?"

"Siendi, baba."

Nilimsikia akishusha pumzi ndefu, kisha akikohoa kuificha. Alipoongea tena hakuwa akiongea na mimi.

"Fundi, mwaga hiyo saruji yako huko nje. Hili tundu tunalitumia."