Naam ya Baba

Juzi pale Forodhani mama mmoja alimwita mwanawe, naye akaitika, "Naam!" Nikauweka muhogo wangu chini, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni.

Alasiri ile nyumba yetu ilinuka iliki na mafuta ya bunduki. Baba alikuwa amejificha darini. Chini, wanaume watatu waliokuja kumchukua walimzunguka bibi, mama yake.

"Mwanao yuko wapi, we bibi?"

"Hayupo, wanangu. Kaeni mnywe kahawa."

Mmoja akacheka, akampiga mdomoni kwa kitako cha bunduki. Nilisikia meno yakivunjika. Akampiga tena, na bibi akalia kwa maumivu, "Nassor wangu weee!"

Darini ikatoka sauti tulivu, ile ile ya siku zote: "Naam, mama."

Baba akashuka. Walimburura, kichwa chake kikigonga kila kidato cha ngazi ya mlangoni. Hakurudi tena.

Bibi alitufunza sote, baba akiwa wa kwanza, kuitika upesi, na asiyeitika alikula kofi. Kwa miaka mingi nilidhani baba aliropoka kwa mazoea, nikamkasirikia. Sasa nina mwanangu, na najua hakuropoka. Naam yake ya kila siku ilikuwa nimesikia, ilikuwa nipo. Ya siku ile ilikuwa mwacheni mama yangu, nipigeni mimi.