Insha Moja ya Mwalimu Mokua

Mimi simtetei Mwalimu Mokua. Watu wa hapa Homa Bay wakinikuta sokoni bado wananiuliza, "Phelesia, yule mtu wako alikuwa mwizi wa mitihani?" kwa sababu alifundishia katika chumba cha nyuma ya hoteli yangu, na chakula chake alikula kwangu. Nawajibu vile nitakavyokujibu wewe. Hakuiba. Afadhali angeiba, maana mwizi unajua la kumfanya.

Alifika miaka tisa iliyopita kutoka upande wa Nyamira, akiwa na mkoba mmoja na sanduku la vitabu. Alikuwa mwembamba, mpole mpaka anakera, shati limepigwa pasi hata mkono unaofichwa na sweta. Alisomea ualimu wa Kiswahili, akangoja serikali imwajiri mpaka nywele zikaanza kumtoka. Akaniomba chumba. Nikamwuliza atakuwa anauza nini humo ndani.

"Kiswahili," akasema.

Nilicheka, lakini alikuwa amepiga hesabu yake vizuri. Huku kwetu tunazaliwa na Dholuo. Kiswahili ni cha sokoni na cha kujibu askari. Hiki unachokisikia kwangu nilikipata kwa wateja. Mtoto anapasi hesabu, anapasi kemia, halafu Kiswahili kinamvuta shati kwa nyuma na chuo kikuu anakisikia tu kwa redio.

Alikuwa Msabato wa kweli. Jumamosi humpati hata kwa dawa. Siku ya kwanza nilimwekea kamongo, akaisukuma sahani polepole na kusema, "Mama Millie, huyu samaki hana magamba." Nikamwambia hata wewe huna magamba na nimekukubali. Akatabasamu, akala sukuma wiki na ugali. Tangu siku hiyo nilimwekea ngege, samaki mwenye magamba ambaye dini yake inamruhusu, na tulielewana.

Watoto wa kidato cha nne walianza wanne. Mwaka wa tatu walikuwa wanajaa mpaka mlangoni kila likizo, wengine kutoka Kisegi, wengine kutoka Sori, wanalala kwa shangazi zao mjini ili wasikose. Tuisheni za watu wengine unasikia kelele, watoto wanaitikia kama kwaya. Kwake kulikuwa kimya. Mimi jikoni nilisikia kalamu tu. Wanaandika, wanafunga daftari, wanaenda nyumbani kukariri. Na matokeo yakitoka, mtoto aliyekuwa na D ya Kiswahili ana B. Wazazi walimletea kuku. Nilijivuna kama chumba ndicho kilichofaulu.

Basi mwaka jana zamu ikawa ya mtoto wangu, Millicent. Yeye tangu utotoni anataka unesi, hataki kitu kingine, na unesi wa chuo kikuu huupati bila gredi nzuri ya jumla. Nilimkabidhi kwa Mwalimu na kumwambia, "Huyu ndiye nimebaki naye. Mpeleke." Akasema atampeleka.

Januari matokeo yakatoka. Tulifungua simu, mimi na Millicent, vichwa vimegusana. Biolojia ipo, kemia ipo, Kiingereza kipo. Kiswahili hakuna. Gredi ya jumla hakuna. Mahali pake pameandikwa kwamba matokeo yamezuiliwa. Nilimwambia aifungue tena, labda ni mtandao. Akaifungua mara tano.

Mwalimu mkuu wa shule ya Millicent akatuita wazazi. Alisema wasahihishaji walikuta insha moja, neno kwa neno, katika vijitabu vya watahiniwa ishirini na wawili. Ama watoto walinakiliana ndani ya chumba, ama kuna mtu aliwauzia mtihani. Watu watakuja kutoka Nairobi kuchunguza. Wakionekana waliiba, kila kitu kinafutwa, hata hiyo biolojia. Na mtandao wa kuomba vyuo unafungwa baada ya wiki tano, na bila gredi ya jumla mtoto hauguzi. Mama mmoja aliketi chini pale pale sakafuni. Mimi sikukaa. Nilienda nyumbani nikamshika Millicent mabega.

"Niambie ukweli. Uliiba?"

"Mama, haki hatukuiba. Tuliandika tu ile ya Mwalimu."

"Ile gani?"

Akanitolea daftari. Nikasoma nimesimama. Insha ilianza na asubuhi nzuri, ndege wanaimba, mama anapika chai. Mama huyo ana leso ya kijani kibichi na mkono wa ukarimu. Halafu mama anaanguka. Anapelekwa hospitali, mtoto anakimbia nyuma ya machela, daktari anatoka akitikisa kichwa. Saa kumi na dakika kumi alasiri, mamangu mpenzi akakata roho. Mwandiko ni wa Millicent, ule wa kulala kidogo upande wa kulia. Nilijisoma nikifa kwa mkono wa mtoto wangu, na nilikuwa nimevaa aproni.

Sijamaliza, Filister jirani yangu akaingia na daftari la mwanawe Maxwell. Hakusalimia. Akaliweka mezani kando ya lile la Millicent, akaweka kidole kwenye mstari.

"Nyaminwa, dada yangu," akaniambia, "hata mimi nimekufa. Saa kumi na dakika kumi."

Tulitazamana. Chai ilichemka ikamwagikia jiko na hakuna aliyeitoa.

Nilienda nyuma nikamkuta Mwalimu anafuta ubao. Nikamtupia madaftari yote mawili. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu wa kanisa. Akangoja nimalize, akanieleza kwa ile sauti yake ya chini. Katika karatasi ya insha, swali la kwanza ni la lazima, barua au hotuba, na hilo linafundishika. La pili mtoto anachagua na kutunga mwenyewe, na hapo ndipo watoto wetu wanapozama. Kwa hiyo alitengeneza insha moja inayoingia kwenye kila swali. Mtihani ukiuliza ajali, mama anagongwa na lori. Ukiuliza magonjwa, mama anaanguka jikoni. Ukiuliza mvua, mto unambeba. Ukiuliza urafiki, rafiki ndiye anayekuja kumfariji mtoto baada ya mazishi. Wewe badilisha aya ya katikati tu. Mengine yote yanabaki vile yalivyo.

"Na baba?" nikamwuliza. "Kwa nini baba hafi?"

"Nilijaribu baba mwaka wa pili, Mama Millie. Alama zilishuka."

Alisema hivyo bila mzaha. Nilitaka kumpiga na nilitaka kucheka, na nilishindwa na yote mawili. Miaka yote, alisema, watoto walikuwa wachache katika kila shule, wametawanyika, na hakuna msahihishaji aliyekutana na wawili. Safari hii shule moja ilileta ishirini na wawili, na wote wakachagua swali moja. Hilo hakulifikiria. Mtu aliyefikiria mpaka baba na alama zake, hilo hakulifikiria.

Nikamwambia, "Utaenda mbele ya hao watu na utasema hivi hivi."

"Nitaenda," akasema.

Walikuja wawili, mwanamume na mwanamke, wakakaa katika maktaba ya shule. Wazazi tulikaa kwenye mabenchi nje, madirisha yako wazi, tunasikia kila kitu. Mwalimu Mokua alifika na gunia begani. Ndani kulikuwa na madaftari ya wanafunzi wake wa zamani, alizunguka kuyaomba nyumba kwa nyumba, mengine aliyafuata mpaka Lambwe. Insha ile ile katika kila daftari, na tarehe juu ya kila ukurasa, zikirudi nyuma mpaka miaka minane kabla ya mtihani huo kutungwa. Yule mwanamume akayapekua moja moja. Yule mama wa Nairobi akamwuliza insha hiyo aliitoa wapi.

"Niliiandika mwenyewe," Mwalimu akasema. "Mwezi ule mama yangu, Dorah, alipofariki. Leso ilikuwa yake. Saa ndiyo hiyo, niliitazama ukutani."

Yule mama akalifunga daftari lililokuwa mbele yake. Halafu akamwuliza aliwezaje kuifundisha kila likizo.

"Mwaka wa kwanza sikuweza kuisoma kwa sauti, ndiyo maana niliwapa wanakili. Baadaye nikazoea. Sasa naona tu alama."

Mtu amekula kwangu miaka tisa, namtania magamba na Sabato, na sikuwahi kumwuliza kama ana mama. Nilikuwa nimekuja kumchukia, na hata hiyo chuki ikapotea njia.

Lakini wale wageni walisema gunia peke yake halitoshi. Walitaka kuwaona watoto. Kila mtoto akaketishwa meza yake peke yake, akapewa karatasi tupu na saa moja. Kazi ilikuwa hii: andika juu ya mama yako, siku ya kawaida nyumbani, na asife mtu yeyote. Niliposikia hivyo nilishukuru Mungu. Nilimwambia Filister sasa wameokoka, maana mtoto gani atakosa la kusema juu ya mama yake? Millicent wangu atajaza kurasa tatu.

Alitoka baada ya saa moja. Hakuja kwangu. Alipita moja kwa moja akaenda kusimama kwenye bomba la maji, akafungua maji, hakunywa.

Yule mama wa Nairobi akaniita ndani, akanionyesha karatasi. Juu palikuwa na jina lake na nambari yake ya mtihani. Chini yake, "Mama yangu ni", kisha mstari wa kukata. Tena "Mama yangu ni", kukata. Nilihesabu mara saba. Mahali pengine kalamu ilikuwa imetoboa karatasi. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu, ukurasa mzima mweupe.

"Wengi wako hivi," akaniambia. "Usilie, mama. Hii ndiyo inawaokoa. Hawa hawakununua mtihani. Hawana insha nyingine kichwani, basi."

Sikujua ninalia. Wala sikujua kama nimshukuru au nimwambie anyamaze.

Kweli waliokoka. Baada ya siku kumi na mbili matokeo yalitolewa. Insha ya pili walipewa sufuri wote, alama nyingine zikabaki. Millicent alipata C ya Kiswahili na B ya kutoa kwa jumla, na hiyo unesi inaifikia. Filister alipiga vigelegele mpaka barabarani. Mwalimu Mokua alikuja kuniaga akiwa na sanduku lake. Anasema kuna rafiki yake ana duka la vitabu Migori na anahitaji mtu wa kukaa kaunta. Nilimfungia ngege wawili. Alisema tu, "Mwambie Millicent anisamehe," nami nikasema nitamwambia, na mpaka leo sijamwambia.

Millicent alijaza maombi ya chuo siku tatu kabla mtandao haujafungwa. Aliporudi kutoka saiba, pale kwa kompyuta za kulipia, alivaa aproni akaja kunisaidia kutoa samaki magamba kwa ajili ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimelinyamazia lile jambo la karatasi tupu wiki nzima na zaidi, nisimtikise kabla hajamaliza. Sasa alikuwa amemaliza, na mimi nilikuwa nimechoka kulibeba.

"Millie," nikamwambia, "saa nzima. Mimi ndiye nimekuamsha kila asubuhi tangu uzaliwe. Nimekusuka, nimekuchapa, nimekupikia katika jiko hili hili. Hukupata hata kitu kimoja cha kuandika juu yangu?"

Aliendelea kukwaruza samaki.

"Nilitafuta, Mama. Kila nikianza naona unaanguka, unawekwa kwenye machela. Sijui kuandika ukiwa hai."