Moraa, mwosha vyombo vya antimata

Saa mbili asubuhi, Moraa Nyambane anavaa glovu jozi mbili, moja juu ya nyingine, macho yakiwa kwenye kioo kidogo chenye tarakimu nyekundu. Hajanywa chai.

Yuko katika karakana ya maabara moja karibu na Selly Oak, Birmingham. Mbele yake kuna chombo cha chuma chenye urefu wa mkono, kimefungwa foili kama kuku wa sherehe. Kimeokwa kwa siku kadhaa ili unyevu wote utoke, na sasa kinapoa. Kikifaulu kipimo cha leo, kitapelekwa Uswisi.

"Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo," anasema, na kucheka kidogo. Kicheko hakifiki mbali.

Ndani ya chombo hiki wanasayansi wanataka kutengeneza atomi za antimata. Usilikimbie neno, msomaji. Hata mimi nililitafuna sana kabla ya kulimeza. Moraa analieleza vizuri.

"Kila chembe ya dunia hii ina pacha wake wa kinyume. Wakigusana tu, wote wawili wanatoweka, inabaki nishati. Sasa huko Uswisi wanachukua chembe hizo za kinyume, wanaziunganisha, wanapata atomi ya hidrojeni iliyo kinyume cha yetu. Wanauliza: inaanguka chini kama yetu? Inatoa mwanga ule ule? Wakipata tofauti hata ndogo, vitabu vya fizikia vitaandikwa upya."

Kazi ni kuihifadhi. Ikigusa hata hewa, imekwisha. Kwa hiyo chombo lazima kiwe na ombwe, yaani kisiwe na hewa hata kidogo, na hapo ndipo anapoingia Moraa: kuosha kila kipande, kukikausha na kukiunganisha bila kuacha alama ya kidole. Mafuta ya ngozi yakibaki ndani hutoa mvuke polepole, na ombwe linaharibika.

Moraa alisomea ufundi mitambo Kisii, lakini Birmingham ilimpokea kama mhudumu wa wazee. "Nilikuwa nje kwa muda wa saa kumi na mbili, nalipwa nane," anasema. "Muda wa kungoja basi kutoka kwa mzee mmoja hadi mwingine ulikuwa wangu na baridi yangu." Hata hivyo halalamiki. Mmoja wa wazee hao, fundi mstaafu, ndiye aliyemwonyesha tangazo la kazi hii na kumsukuma aombe. "Mungu alimtuma yule mzee. Namwombea kila siku."

Bado yuko kwenye kipindi cha majaribio. Asipothibitishwa, kibali chake cha kuishi Uingereza kinakwenda na kazi.

Mwezi uliopita mama yake, Bi. Kwamboka, alikuja kumtembelea nyumbani kwake Stechford, mtaa wa Birmingham. Asubuhi moja alimkamata binti yake mlangoni akiwahi treni, akaiona mikono iliyokauka kwa sabuni na dawa.

"Ai, Moraa! Umepauka hivi kama mtu asiye na kwao?"

Kila aliyelelewa na mama wa kwetu anajua kilichofuata. Kopo la mafuta lilitoka. Moraa alipakwa mikono, shingo na uso mzima mpaka akang'aa.

"Kazini hatupaki chochote, mama anajua wapi?" anasema. "Na utamwambiaje mama aliyesafiri kote huko kuja kukuona kwamba asikupake mafuta? Mimi siwezi."

Alipofika karakana alinawa mikono vizuri. Uso akausahau. Katikati ya kazi miwani ikateleza puani, naye akaisukuma kwa kidole chenye glovu. Kidole hicho hicho kikashika pete ya shaba iliyopakwa dhahabu, moyo wenyewe wa chombo.

Kipimo kilionyesha mafuta. Wanafizikia walikuwa wameshapangiwa zamu kwenye mtambo wa Uswisi. Chombo kikichelewa, zamu inapita na wanangoja hadi mwaka ujao.

Moraa angeweza kuisingizia pampu inayonyonya hewa. Badala yake alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wake, Pritesh, mzaliwa wa Kisumu ambaye baridi yote ya Birmingham haijamtoa Kiswahili. "Ni mimi," alimwambia. Mama hakumtaja.

"Nikamwambia, dada, haya si maji yamemwagika," Pritesh anakumbuka. "Hii ni sahani chafu. Sahani chafu unafanya nini? Unaosha!"

Akavua koti, wakakifungua chombo pamoja, wakaosha pete zote upya. "Hakunipandishia sauti hata mara moja," Moraa anasema. "Jamani, kuna watu wana utu."

Sasa Pritesh anaingia na kuinama karibu na kioo. Tarakimu za hewa iliyobaki ndani zinashuka, zinasita, zinashuka tena. Kipimo cha mafuta hakionyeshi kitu. Moraa amefumba macho, midomo inatembea.

"Fungua macho, dada. Kisafi."

Moraa anamwuliza, kwa sauti ndogo, kuhusu kazi yake.

"Kukuthibitisha? Niliwaambia ofisini siku ile ile uliponiambia ni wewe," Pritesh anajibu. "Leo nilikuwa naogopea chombo tu."

Moraa anakaa chini na kulia waziwazi, akirudia asante, asante, mpaka Pritesh naye anatafuta mahali pa kuangalia.

Baadaye namwuliza kama kisa cha mafuta nikiache. Bi. Kwamboka amesharudi Kisii na hajui lolote.

"Nilimficha kwa sababu angejilaumu mpaka kaburini," anasema. "Lakini sasa andika, atasomewa. Andika kwamba hakuharibu kitu. Na chombo kikishika hata atomi moja, nitampigia simu nimwambie: mama, ile mikono uliyoionea huruma ndiyo iliyoiandalia atomi hiyo nyumba."