Gunia Nililolifukia

Mahindi yale yalikuja juu ya keria ya basi dogo kutoka kijijini, upande wa Kibaigwa, na mama mkwe wangu alikaa jirani na mlango ili ayaone yakishushwa. Nilikuwa nimejifungua karibuni. Huku kwetu mzazi hunyweshwa uji wa dona, mahindi yamesagwa na pumba zake zote, kwa sababu wanasema kukoboa ni kutupa nguvu. Basi mama alipofika kwetu Miyuji hata hakupumzika. Alimtuma mume wangu mashineni na sehemu ya gunia, unga ukarudi, akabandika sufuria mwenyewe.

Gunia lilipofunguliwa lilitoa vumbi jeupe. Nikauliza ni nini.

"Dawa ya dumuzi," akasema. "Magunia mengine nimenyunyiza tu. La mzazi nimelitia ya kutosha, usije ukala mahindi yaliyotobolewa."

Dawa yenyewe aliinunua mnadani, kwenye kifuko cha nailoni kisicho na maandishi yoyote. Muuzaji alimwambia akizidisha ndiyo vizuri. Nikanywa uji. Wewe ungekataa? Mwanamke wa umri ule amesafiri na gunia kwa ajili yako, umwambie hapana?

Haikupita wiki mwili ukanigeuka. Mate yalinijaa mdomoni hadi nikawa natembea na kopo la kutemea, kama mtu mwenye mimba changa, na mimba nimeshaimaliza. Jasho lilinitoka asubuhi ya Julai, na baridi ya Dodoma ya Julai haina utani. Tumbo lilikata. Mimi ni fundi cherehani, macho yangu ndiyo jembe langu, na sasa nilikaa na sindano mkononi nisilione tundu lake.

Kila mtu alikuwa na jibu. Mume wangu alisema malaria. Jirani alisema tumbo la uzazi, litaisha lenyewe. Mama mkwe alisema sinywi vya kutosha, akaniongezea kikombe.

Siku aliyokwenda Majengo kumsalimia dada yake, nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda zahanati. Malaria haikuonekana. Muuguzi aliniuliza nakula nini siku hizi, nikamweleza mpaka kwenye lile vumbi.

"Dawa gani?"

"Nyeupe."

"Nyeupe siyo jina, dada."

Akanifafanulia bila haraka. Nyingi za dawa hizo, alisema, humuua mdudu kwa kuvuruga mishipa yake ya fahamu, na mtu naye ana mishipa. Ikizidi mwilini, mate yanamwagika, jasho linatoka, tumbo linabana, macho yanaingia ukungu. Na kwa kuwa ni dona, mahindi hayakukobolewa wala kuoshwa, kwa hiyo vumbi lote nililisaga nikalinywa. Alimpima mtoto, akaona anavuta ziwa vizuri, akasema yuko salama. Mimi akaniwekea dripu, akaniangalia mpaka mchana, na uji ule akaniambia niuache siku hiyo hiyo.

Nilirudi kwa bajaji nikiwa nimechemka. Mate yale niliyokuwa natema yalitoka kwenye mwili uleule unaotoa maziwa ya mwanangu. Hilo ndilo lililonitia wazimu, siwezi kuficha.

Nikamwambia mume wangu achimbe shimo.

"Unafukia chakula? Dodoma hii?" akaniuliza. "Tuyaoshe."

"Na unga nao utauosha?"

Akachimba huku akinung'unika. Jirani akaja na debe lake, akasema nisifanye hasara, nimpe mahindi awape kuku. Nikamuuliza mayai ya kuku hao atakula nani. Akasema kuku hawadhuriki na vitu vidogo. Nikamwambia hata mimi niliambiwa sidhuriki, na nikasimama juu ya gunia mpaka akaondoka na debe lake tupu. Alinisema mtaa mzima kwamba shibe imenilevya. Aseme. Sikumwachia mtu punje hata moja.

Mama mkwe alirudi jioni, akaona udongo mbichi nyuma ya jiko. Nikampa shikamoo, akaitika, kisha nikamweleza kila kitu pale pale, bila kuzunguka. Nilimwambia najua kosa si lake, ni la yule anayepima sumu kwa kijiko na kuwauzia watu kwenye nailoni. Lakini uji ule mtoto wangu hataonjeshwa, na mimi sitaunywa tena, hata ukoo mzima ukikaa kikao.

Aliingia ndani, akakusanya kanga zake, akatoka na mkoba. Mume wangu alinitazama kwa jicho la kusema umeyataka mwenyewe. Sikuomba radhi.

Mlangoni mama alisimama kufunga fundo la kanga. Vidole vilimtetemeka, fundo likamshinda, akaanza tena. Nilikuwa nikiiona mitetemeko ile miaka yote nikidhani ni uzee. Dawa ya ghala lake anaichanganya na mahindi kwa mikono mitupu, kila msimu.

"Nyumbani nimeacha magunia mengine," akasema bila kunitazama. "Yote yana dawa hiyo. Sasa mimi nikale nini?"

Nikamnyang'anya mkoba, nikaurudisha chumbani.

"Utakula hapa," nikamwambia, na nikaenda kuosha mchele.