Jinsi Nilivyopenda Sakafu

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, mpokea wageni kwenye gesti moja ya Kilwa Masoko, siku nilipoandika dira ya maisha yangu ya kazi. Hakuna aliyenialika. Watumishi fulani walikuwa wamekodi ukumbi wetu kwa semina, mshiriki mmoja hakutokea, na mwezeshaji, dada mchangamfu kutoka Dar, aliponiona naingia na birika la chai alinivutia kiti, akasema nafasi isipotee bure. Swali lilikuwa moja: kazi gani ungeifanya hata kama hakuna anayekusimamia? Wenzangu waliandika mpaka wakageuza karatasi. Mimi nilitafuna kalamu, kisha nikaandika: kustaafu. Mwezeshaji alicheka, akasema angalau nimekuwa mkweli.

Nami nilicheka, ila niliporudi kaunta nilijisikia vibaya. Nilitoka kwetu Njinjo na cheti cha hoteli, wazazi wakaniaga kwa fahari, na kwa miaka saba nilikuwa nagawa funguo na vipande vya sabuni. Kazi ile sikuichukia wala kuipenda.

Wiki hiyohiyo tajiri wetu, mwenye gesti, alikuwa anaweka tailizi kwenye korido. Fundi alikuwa mzee wa Newala, mtu wa maneno machache, na siku hizo alifanya kazi peke yake kwa kuwa mwenzake alikwenda msibani. Alianzia mlangoni, akaingia ndani safu kwa safu. Korido ile nilikuwa naipiga deki kila asubuhi. Nilijua maji yanatuama wapi na ukuta unapinda wapi, na ghafla nikaona kwamba akiendelea vile, kufika vyumba vya mwisho atabakiwa na kijipande chembamba kama kidole, tena cha upande mmoja tu.

Nikaacha kaunta, nikampa shikamoo, nikamuuliza kama kamba ya kunyooshea safu ameivuta mpaka mwisho. Akaitikia marahaba, akaniambia nirudi kwenye funguo zangu. Nikarudi. Nikaja tena. Mara ya tatu aliinuka, akanyoosha mgongo, akaufuata mstari wa safu zake kwa macho mpaka ukutani.

"Wewe umeonaje?" akauliza.

Nikamwambia mimi ndiye ninayepiga deki hapa. Akanipa mwiko.

"Haya, binti. Ng'oa hizi safu mbili kabla hazijashika. Tunaanzia katikati."

Nikajifunga khanga juu ya sare, nikapiga magoti. Tailizi yangu ya kwanza niliilaza, nikaigonga kwa nyundo ya mpira, ikalia kama debe tupu. Nikaongeza saruji, nikagonga tena, safari hii sauti ikawa nzito, imeshiba. Fundi akaweka pima maji juu yake, na kile kipovu kikatulia katikati kabisa. Kicheko kikanitoka chenyewe. Mgeni wa chumba namba nne alikuja kuomba ufunguo, nikamwambia ajichukulie ubaoni, na asikanyage kulia.

Baada ya hapo nilikuwa kama mtu aliyepagawa. Popote nilipoingia, benki, zahanati, dukani, nilikuwa natembea nikigonga kwa kisigino nisikie palipo na uvungu. Kwenye harusi ya binamu yangu kule Kilangala shangazi zangu walinitafuta mpaka wakanikuta bafuni, nimechutama, napapasa sakafu. Mama akanipigia simu kesho yake, sauti ya chini.

"Mwanangu, wanasema huli, unacheka peke yako. Ni mwanaume gani huyo?"

"Si mwanaume, mama. Ni sakafu."

Mama akampa baba simu.

Nilimwomba yule fundi anifundishe, akakubali kwa sharti kwamba nisije na kucha ndefu. Siku zangu zote za mapumziko nilikwenda naye. Alikuwa mkali. Alipita nyuma yangu akigonga, na ikilia uvungu alisema neno moja tu, ng'oa. Niling'oa nyingi mno. Jioni nilirudi na saruji kwenye nyusi, nikapanda ngazi za gesti, nilikokuwa nalala, mbilimbili.

Mwaka uliofuata maumivu ya magoti yakamzidi fundi, akanituma peke yangu Rasbura, Lindi mjini, kwa bibi mmoja, mwalimu mstaafu. Bibi aliniuliza fundi yuko wapi. Nikamwambia ndiye mimi. Akaingia ndani, akatoka na kiti, akakaa kunitazama kutwa nzima. Alikuwa na mabaki ya tailizi kutoka nyumba za wanawe watatu, rangi tatu tofauti, na alitaka zote zionekane sebuleni. Nilizitandaza uani, nikazipanga, nikazipangua, nikakimbia ndani kupima, nikarudi mbio. Majirani wakajaa kwenye uzio.

"Unajua kwamba umekuwa ukiimba tangu asubuhi?" bibi akasema.

Nilikuwa sijui.

Nilipomaliza, fundi alipanda basi akaja Lindi kukagua. Alipiga magoti yake mabovu, akagonga kila tailizi kwa kifundo cha kidole, kona hadi kona, huku mimi nimejibana mlangoni. Nyuma ya mlango akapata moja yenye uvungu. Akaninyooshea tu kidole. Nikaing'oa, nikairudishia mbele yake, naye akaigonga na kuitikia kwa kichwa. Bibi akatupakulia pilau uani, kwa sababu sebuleni hakutaka mtu akanyage mpaka kesho.

Wiki iliyofuata nilimpelekea tajiri barua ya kuacha kazi. Aliisoma mara mbili, akauliza kama nimepata kazi serikalini. Nikamweleza kwamba sasa mimi ni fundi tailizi. Akavua miwani, akafikiri, kisha akaniuliza kama naweza kuja kumtazamia bafu la chumba namba sita, maji yanatuama sakafuni. Nikaenda kulitazama palepale, na begi langu la vifaa mgongoni.