Kamba Niliyoisingizia

Nianze kwa kujisifu, maana mbele huko sitapata nafasi. King'ora cha kituo kikilia, wa kwanza kwenye gari ni mimi. Suruali nzito, buti, koti, kofia, mkanda, halafu kiti cha nyuma upande wa kushoto, wakati wenzangu bado wanatafuta buti la pili. Huu ni mwaka wa sita niko zimamoto hapa Kibaha na mlio ule haujanichosha. Ukianza tu, moyo unanidunda kwa raha hata kabla sijajua tunakwenda kuzima nini au kumtoa nani. Mama yangu, aliyehamia huku kutoka kaskazini akitegemea bintiye atakuwa karani wa halmashauri, husema nilizaliwa na mchecheto, na kwamba mchecheto huo si wa upande wake.

Zamu yetu tulikuwa watano. Kiongozi tulimwita Afande, mtu wa maneno machache na macho mengi. Dereva alikuwa mtu mzima aliyebakiza miaka michache kustaafu, bingwa wa utani, ambaye hakuna aliyewahi kumaliza siku bila kuchekwa naye. Palikuwa na bwana wa pampu, mkimya, mwenye mabega mapana. Palikuwa na mwenzangu niliyesoma naye chuo, mwembamba, ambaye kwa umbo lake ndiye aliyeshushwa kwenye mashimo na visima. Wa tano ni mimi, mwanamke pekee, na kazi yangu ilikuwa kushika kamba yake. Kamba inapita kwenye chuma cha kuibania, halafu inaingia mikononi mwangu. Ninaiachia kidogo kidogo anaposhuka, na akisema simamisha, naibana. Kwa muda ule maisha ya mtu yanakaa kwenye viganja vyangu viwili. Niliipenda kazi hiyo kuliko zote.

Kisha siku moja, asubuhi kweupe, basi na lori viligongana kwenye barabara kuu ya Morogoro. Sitaeleza yote. Nitasema tu kwamba wakati wenzangu wanakata mabati, mimi nilikuwa nimemshika mkono mama mmoja aliyebanwa kwenye kiti, nikamwambia sitamwachia. Sikumwachia. Yeye ndiye aliyeniachia.

Tuliporudi kituoni tuliosha gari, dereva akalitania koti langu lililochanika, tukacheka, tukala wali na maharage. Ndivyo tulivyokuwa tunafanya baada ya kila tukio baya. Nilikula sahani mbili.

Wiki ya tatu mikono yangu ikaanza vituko. Niko nyumbani, nimeshika kikombe cha chai, ghafla vidole vinakufa ganzi na havisikii amri. Kikombe chini. Mama akauliza kulikoni, nikamfokea, mimi ambaye sijawahi kumpandishia sauti. Siku nyingine ikawa ndoo, siku nyingine ufunguo. Ganzi ilikuja na kuondoka bila kubisha hodi, na mimi nikajiambia ni uchovu, nikanunua dawa ya kuchua, nikachua.

Nilijua fika kwamba si uchovu. Lakini ningesema, ningetolewa kwenye gari, nipewe kazi ya kukagua mitungi ya kuzimia moto madukani mpaka nizeeke, na kuna watu ambao wangetikisa vichwa na kusema ndiyo maana kazi hii si ya wanawake. Hao sikuwa tayari kuwapa hiyo furaha. Mimi ni mbishi, hilo nakiri.

Basi tukaitwa Magindu. Mtamba wa mfugaji mmoja alikuwa ametumbukia kwenye shimo la zamani, na mwembamba akashushwa ili amfunge mikanda. Nikiwa katikati ya kuachia kamba, vidole vikafa. Kamba ikachomoka, mwenzangu akaporomoka karibu urefu wa mtu mzima kabla bwana wa pampu, aliyesimama karibu, hajairukia na kuibana. Bahati yake mtamba alikuwa chini. Alitua mgongoni mwake ameketi kabisa, na mtamba akalia kwa uchungu wa kudhalilishwa. Wafugaji walicheka mpaka wakaegemea fimbo zao. Dereva alisema sasa zimamoto tuna askari wa farasi. Mwembamba mwenyewe alicheka huko shimoni. Nilicheka nao, mikono nimeificha nyuma.

Kwenye kituo chetu zamu haikabidhiwi mpaka vifaa viitwe. Afande anafungua daftari la vifaa, anataja kimoja kimoja, na mwenye nacho anajibu kizima au kibovu. Hakuna kifaa kinachorukwa, hata ndoo. Watu hawaitwi, kwa sababu watu hawamo kwenye daftari. Jioni ile alisoma, "Ngazi?" Akajibiwa nzima. "Msumeno wa chuma?" Mzima. "Kamba ndefu?" Hiyo ni yangu.

"Mbovu, Afande," nikasema. "Inateleza."

Aliniangalia kidogo, akaandika. Kwa watu wa kazi hii, kamba ikishatajwa mbovu hakuna anayebishana. Inafungwa kitambaa chekundu, inawekwa stoo, na hakuna anayeigusa mpaka ikaguliwe. Na ile ndiyo ilikuwa kamba ndefu pekee tuliyokuwa nayo. Niliitazama ikipelekwa stoo na kitambaa chake, kamba isiyo na kosa hata moja, nikaona aibu na nafuu kwa pamoja. Nafuu ilikuwa kubwa zaidi.

Siku ya tisa, tumetoka kunywa chai ya saa nne, king'ora kikalia. Fundi wa visima alikuwa amekatikiwa na ngazi yake huko Masaki. Si ile Masaki ya mjini yenye maghorofa na upepo wa bahari. Masaki ya Kisarawe, ya mihogo na mikorosho. Kisima kina futi sitini na zaidi. Gari lililokuwa karibu zaidi lilikuwa limetoka kwenda kuzima moto kwingine. Kama kawaida niliwahi, nikakaa kitini pangu, moyo unadunda, ninatabasamu. Hapo ndipo Afande aliposema, "Kamba?"

"Ipo ile fupi, Afande," akajibu bwana wa pampu.

"Inafika?"

"Haifiki. Tutaiunga na nyingine."

Kila mmoja wetu alijua maana yake. Fundo halipiti kwenye chuma cha kuibania. Likifika pale, mtu anabaki ananing'inia katikati ya kisima. Dereva alikuwa ameshawasha gari. Mwembamba alikuwa anafunga kamba za buti kimya kimya, na sikio lake lilikuwa limegeukia kwangu. Kama kuna dakika ambayo nimewahi kuichukia ni ile.

"Afande, kamba ndefu ni nzima," nikasema.

"Daftari linasema mbovu."

"Nilidanganya. Mbovu ni mimi. Mikono yangu inakufa ganzi. Kule Magindu niliiachia mimi."

Hakuna aliyetania. Nikaanza kufungua mkanda ili nishuke kabla sijafukuzwa, lakini Afande alikuwa ameshakimbilia stoo. Alirudi na kamba begani, kitambaa chekundu kikiwa mkononi, akapanda nyuma pamoja nasi.

"Kaa," akaniambia. "Kesi yako tutaisikiliza njiani. Twende."

Safari nzima yeye na bwana wa pampu waliipapasa kamba ile, pima kwa pima, kutoka ncha hadi ncha, na mimi nikaeleza. Sijui kama umewahi kuungama ndani ya gari lenye king'ora. Huwezi kuungama kwa upole. Nilipaza sauti. Nilipiga kelele kuhusu yule mama wa kwenye basi, kuhusu kikombe, kuhusu kumfokea mama yangu, na Afande naye akawa ananiuliza kwa kelele, "Tangu lini?" nami najibu kwa kelele, "Wiki ya tatu baada ya basi!" Watu wa barabarani wakitupisha hawakujua ndani kunasemwa nini. Mambo niliyoyaficha kwa miezi yaliisha kabla hatujaingia barabara ya vumbi, na nilijisikia mwepesi mno, mwepesi mpaka nikataka kucheka.

Tulikuta nusu ya kijiji pamoja na bodaboda zote. Mke wa fundi alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha mbele, akisema tangu saa mbili mumewe hajatoa sauti. Afande akalala kifudifudi ukingoni, akaingiza kichwa kisimani.

"Shikamoo, mzee!"

Kimya. Kuku mmoja tu ndiye aliyesikika. Kisha kutoka chini kabisa ikapanda sauti nzito, yenye hasira kidogo: "Marahaba. Mmekuja na maji ya kunywa?"

Vigelegele nilivyovisikia pale sijavisikia hata harusini. Mkewe alisimama, akaketi tena, akasimama. Sisi tukatandaza vifaa haraka. Afande akamnyooshea kidole bwana wa pampu ashike kamba, kama ilivyopasa, nami nikarudi hatua nyuma. Mwembamba, aliyekuwa anakaza mkanda wa kushukia, akasema bila kuinua uso, "Ashike dada."

"Umesikia alichosema kwenye gari?" akauliza Afande.

"Nimesikia. Ndiyo maana. Tangu Magindu nilijua kamba haikuteleza, Afande. Nilichokuwa sijui ni kama atasema." Akanigeukia. "Vidole vikianza, utasema?"

"Nitasema."

"Papo hapo? Hutajikaza kidogo kwanza?"

Ananijua huyu. "Papo hapo," nikamwambia.

Afande akatupanga: mimi mbele, bwana wa pampu nyuma yangu, yeye nyuma ya wote, mikono yao ikiwa kwenye kamba ileile, imelegea lakini ipo. Mwembamba akakaa ukingoni, akashuka. Mguu, kiuno, kichwa, akapotea. Nikaanza kuachia kamba, na lo, furaha ile ilirudi, uzito ule ninaoufahamu, mtu anayeniamini akiwa upande wa pili. Futi kumi. Ishirini. Thelathini. Hapo nikaisikia ganzi inaanzia kidole kidogo.

Niseme ukweli wote: nilitaka kujikaza. Ulimi ulikuwa mzito kuliko yule mtu aliyening'inia. Lakini nikapaza sauti.

"Vinakufa!"

"Tunayo," wakajibu wawili kwa pamoja. Kamba haikusogea hata nusu kidole.

"Vipi huko juu?" akauliza mwembamba kutoka gizani.

"Mikono imebadilishwa," akasema Afande. "Endelea kushuka."

Akaendelea kushuka. Basi, hivyo tu. Mbingu haikuanguka, hakuna aliyetikisa kichwa, wanakijiji hawakugundua kitu. Nilisimama na mikono yangu isiyo na kazi nikahema, na baada ya kitambo vidole vikarudi vyenyewe, kimoja kimoja. Nikasema vimerudi, nikapewa nafasi yangu tena. Yule fundi akapandishwa, mguu umevunjika, vumbi mpaka kwenye kope, na sururu yake ameikumbatia kifuani kwa sababu alikataa katakata kuiacha. Mkewe alimpiga kofi la bega kwanza, ndipo akamkumbatia. Mwembamba alipotokeza kichwa, mimi ndiye niliyemshika mkanda na kumvuta nje. Nilirukaruka pale kwenye mihogo ya watu, na buti zangu nzito, na sikuona haya.

Kwa kosa la kuisingizia kamba nilipewa adhabu ya kuosha gari peke yangu wiki mbili, nikaosha huku naimba. Kamba sikuruhusiwa kuishika peke yangu kwa miezi, na kila wiki nilikwenda kuonana na mshauri wa mambo ya akili, mama mmoja mpole anayeuliza maswali mafupi. Bado naenda. Ganzi huja mara chache sana siku hizi, na ikija naitaja kwa sauti, hata nikiwa nyumbani na sufuria mkononi, na mama anaipokea.

Ila adhabu hiyo ilitangazwa baadaye. Siku ile, fundi alipokwisha kupelekwa hospitali nasi tukaondoka Masaki, tulikuwa na kelele za watu walioshinda mpira, kila mtu akisimulia lililotokea kwa wenzake waliokuwapo. Dereva tu ndiye hakutania, nasi kwa furaha yetu hatukugundua. Tulipokaribia kilometa ya mwisho kabla ya mahali ambapo basi lile liligongana na lori, alipunguza mwendo, akasogea pembeni ya lami, akazima injini. Mikono yake ilibaki kwenye usukani.

"Afande, na mimi nina langu," akasema. "Tangu siku ya basi, nikifika pale mbele, nafumba macho."

Tulikuwa tumepita pale naye mara ngapi, watano ndani ya gari zito, mwendo wa dharura.

"Unafumba kwa muda gani?" Afande akauliza polepole.

"Nahesabu mpaka tatu."

Afande akashuka, akazunguka, akamfungulia mlango. Dereva akaja nyuma, nikamwachia kiti changu cha dirishani. Afande akashika usukani, gari likaondoka taratibu, bila king'ora, na sisi wa nyuma tukamtazama dereva wetu badala ya barabara. Tulipofika pale alikuwa ameliegemea dirisha, macho wazi kabisa, machozi yanamtiririka, anatazama.

"Kumbe pana lami tu," akasema.